Mche wa Sabuni na Changa la Macho

Hebu nianze na swali la kitoto, ndugu msomaji, na usinicheke. Wewe umewahi kushika duara? Sisemi kuliona ubaoni au kulichora kwa bikari. Nasema kulishika, kulitia mfukoni na kuondoka nalo. Najua utachomoa sarafu. Lakini sarafu ina unene. Panga kumi moja juu ya nyingine uone kama hupati kitu mithili ya kopo. Kumbe hata hiyo moja nayo ni kopo, ila fupi mno. Kwa jina la darasani ni mche duara. Basi utaniletea chapati. Chapati nayo ina unene, na ole wake mama ntilie atakayejaribu kuuza duara kamili, lisilo na unene hata chembe. Wateja watamvunjia kibanda.

Duara, mraba, pembetatu, mstatili: hayo ndiyo maumbo bapa, yenye urefu na upana basi. Katika dunia hii tunayoikanyaga hakuna kitu cha namna hiyo cha kukamata mkononi. Kila kinachokamatika kina unene, pamoja na karatasi hii unayoisoma.

Sasa twende shule ya vidudu. Ticha ananyanyua kipande cha boksi alichokikata kwa mkasi usiku akiwa kachoka. "Hii ni nini?" Darasa zima: "Pembetatuuu!" Kisha anakipitisha wakipapase. Hebu mpe kipande hicho mtoto mmoja mtulivu, mwambie ahesabu kwa kidole. Uso wa juu mmoja, wa chini mmoja, na kandokando kuna kuta tatu nyembamba: nyuso 5. Kingo 9. Vipeo 6. Pembetatu gani hiyo yenye vipeo sita? Mwaka 1750 mwanahisabati Leonhard Euler alimwandikia rafiki yake Christian Goldbach kwamba katika maumbo mango ya aina hii ukijumlisha vipeo na nyuso, kisha ukatoa kingo, utabaki na 2. Piga hesabu mwenyewe: 6 na 5 ni 11, toa 9. Kipande cha boksi kimekiri, mbele ya darasa zima, kwamba chenyewe ni umbo mango, mche wenye kitako cha pembetatu.

Je, ticha kawapiga watoto changa la macho?

Swali hili nililitupa kijiweni, jamaa wakaguna. "Mshikaji, sasa unatafuta kesi na walimu wa vidudu." Nawaelewa. Watoto tunawaambia mengi. Mdogo wako tulimnunua hospitali. Ukimeza mbegu ya chungwa utaota mchungwa tumboni. Wanakua, wanagundua, wanacheka, maisha yanaendelea. Kama hayo yamesamehewa, mbona tumng'ang'anie mwalimu kwa unene wa kipande cha boksi?

Wapo wasiosamehe chochote. Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Kwa mzani huo walimu wote wa vidudu wangekuwa korokoroni. Ila hata kwa Kant mwongo ni yule anayejua ukweli na kusema kinyume chake kwa makusudi. Ticha wetu hana makusudi hayo. Naye alipewa kipande cha boksi akaambiwa ni pembetatu, na aliyempa naye alipewa vivyo hivyo. Kwa hiyo kesi ya uongo naiachia hapo. Linalonikera ni jingine: ticha atafanya nini siku ambayo mtoto, badala ya kuitikia, atahesabu?

Binti wa jirani yangu ana miaka sita. Siku moja alirudi na daftari la mazoezi, ndani kuna picha ya boksi, ile ile tunayoijua sote: mraba mmoja kwa mbele, na nyuso mbili zilizolala mshazari, ya juu na ya ubavuni. Swali: umbo hili lina pembe ngapi? Jibu lililotakiwa lilikuwa 8. Yeye aliandika 7, akapigwa kosa kwa wino mwekundu. Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Saba! Ya nane iko nyuma ya boksi, na huko nyuma mchoraji hakuchora kitu. Nikampa boksi la kiberiti. Akahesabu nane, akarudia, akaitazama picha, akakitazama kiberiti. Nikamwambia, basi kesho kamwambie mwalimu kwamba picha inaonyesha saba. Akanijibu bila hata kununa: "Ticha kasema haya siyo ya kuhesabu, ni ya kukariri."

Mimi sijui kama wewe linakuuma, ila mimi liliniuma kuliko matusi. Yule mtoto hakukosea popote. Jicho lake lilisema kweli kuhusu karatasi, na kidole chake kikasema kweli kuhusu kiberiti. Alichohitaji ni mtu mzima wa kumwambia kwamba picha ya boksi na boksi ni vitu viwili. Badala yake kafundishwa kwamba jicho lako likipishana na mwenye chaki, lifumbe. Somo hilo halimo katika mtaala wowote, wala hakuna waziri aliyelitia saini. Lakini mtu hulibeba kutoka darasa la vidudu hadi ofisini, hadi mbele ya daktari asiyemweleza anaumwa nini, hadi kwenye mkutano wa hadhara ambako mgombea anataja barabara ambayo haipo na watu wanapiga makofi huku miguu yao imo matopeni.

Ndiyo maana nasema si kila jambo lisilo kamili ni baya sawa na jingine. Kuna neno unalompa mtoto ambalo kesho litaongezwa tu, na kuna neno ambalo kesho itabidi livunjwe. Chukua mstatili. Wengi tulifundishwa kwamba mstatili una pande mbili ndefu na mbili fupi, kwa hiyo mraba si mstatili. Tukakariri, tukatamba. Kumbe katika hisabati mstatili ni umbo la pande nne ambalo pembe zake zote ni za mraba, na mraba umo humo ndani. Kijana anafika sekondari anakuta ndugu wawili aliotenganishwa nao utotoni ni wa nyumba moja. Ticha angeweza kusema tangu mwanzo, "huu ni mstatili, na mraba ni mstatili ambao pande zake zote zimelingana." Maneno machache tu.

Au geuza mraba usimame kwa pembe. Watoto wengi watakuambia huo si mraba tena. Mtoto wa mcheza karata atasema ni uru. Waholanzi wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliandika juu ya jambo hili katika tasnifu zao za mwaka 1957. Walionyesha kwamba mtoto mwanzoni hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua shangazi, bila kuhesabu pande wala kupima pembe. Sasa angalia mabango ya madarasani: mraba daima umekaa kitako, pembetatu daima kichwa juu. Shangazi anaonyeshwa kavaa nguo ile ile mwaka mzima, halafu tunashangaa mtoto akishindwa kumtambua siku kabadilisha kanga.

Na kwa nini tunaanza na bapa? Mgiriki Euclid, katika kitabu chake cha jiometri chenye sehemu 13, anaanza na nukta, anakwenda kwenye mstari, kisha umbo bapa. Maumbo mango yanasubiri foleni hadi sehemu ya 11. Mpangilio huo ni mzuri kwa mtu anayetaka kuthibitisha. Lakini mtoto wa miaka mitano hathibitishi, anashika, anarusha, anaramba. Mjerumani Friedrich Froebel (1782–1852) aliligundua hilo akaupindua mpangilio wote. Kabla ya kuhangaika na watoto wadogo aliwahi kufanya kazi katika makumbusho ya madini kule Berlin, kati ya mawe ambayo ardhi yenyewe imeyachonga nyuso zilizonyooka. Mwaka 1837 alifungua shule yake Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lililozunguka dunia, Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Vifaa vyake aliviita zawadi. Ya kwanza ni mipira laini ya nyuzi. Ya pili ni tufe, mche duara na mchemraba, vyote vya mbao. Ya tatu ni mchemraba uliokatwa vimchemraba nane, mtoto aubomoe na kuujenga upya. Baada ya mango kuchezewa vya kutosha ndipo vinakuja vibao bapa, halafu vijiti vya kusimama badala ya mistari, mwisho vitu vidogo vya kusimama badala ya nukta. Mtoto anaanza na kitu kizima mkononi, anashuka taratibu hadi kwenye wazo.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, ikiziona zinaeneza ukafiri na ujamaa, na marufuku haikuondolewa hadi 1860. Froebel mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1852. Nimewahi kujiuliza ni ujamaa gani uliokuwa ndani ya mchemraba wa mbao. Labda wale mabwana walihisi jambo: mtoto aliyezoea kubomoa kitu aone kilivyo ndani anaweza kukua nayo tabia hiyo.

Lakini wenzangu, sisi wala hatukuhitaji safari ya Ujerumani. Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba shule za msingi zisomeshe kwa Kiswahili, majina kadhaa ya maumbo mango yalikuwa tayari yapo dukani na uwanjani. Mche ni nini? Nenda kwa Mangi, mwambie nipe mche wa sabuni. Ukate kwa kisu kilichosimama wima, ukate kwanza huku, ukate tena kule: uso unaopata ni ule ule kila mara. Hiyo ndiyo sifa ya mche katika jiometri, na mama anayekata sabuni vipande vya kupimia wateja anaifahamu kwa mkono wake kuliko mwanafunzi aliyeikariri. Tufe ni lile linalorushwa kwenye mashindano ya riadha, zito hilo, la chuma. Pia ni ile tuliyoizungusha kwa kamba uchochoroni mpaka ikasinzia. Hata pembe ya pembetatu ni ya ng'ombe kwanza. Mraba, mstatili na duara ndiyo yaliyotufikia na Kiarabu, na ndiyo tunayoanza nayo shuleni. Mtoto anaingia darasani akiwa na mche, tufe na pia kichwani, anaambiwa aviache mlangoni, atavikuta madarasa ya juu.

Kwa wenzetu wa Kenya kulikuwa na maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa bure mashuleni mwaka 1979. Pakiti yake ilikuwa na nyuso nne, kila uso pembetatu. Kizazi kizima kilinyonya umbo hilo kwa kona, na nina shaka kama wengi waliwahi kuambiwa walichokuwa wameshika.

Hapa niingize neno kwa sisi tunaojifunza kuandika, maana na sisi tumo. Mwaka 1927 Mwingereza E. M. Forster aligawa wahusika wa riwaya mafungu mawili, wale wa upande mmoja usiobadilika na wale walionenepa kama binadamu wa kweli. Wahakiki wetu wakatafsiri: mhusika bapa na mhusika duara. Hebu tazama vizuri. Duara ni bapa! Tumechukua umbo lisilo na unene tukalifanya jina la mhusika mwenye unene, tukaandika kwenye vitabu, tukajibia mitihani, tukapewa alama. Mimi ningesema mhusika tufe. Najua nimechelewa, lugha ikishapita njia hairudi. Lakini ukitaka kujua kama somo la vidudu lilituingia, jibu ndilo hilo.

Turudi kwa ticha, maana sitaki aonekane ndiye mshitakiwa. Najua alipo. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilipoanzisha elimu bila ada mwaka 2016 hadi kidato cha nne, watoto waliingia kama mafuriko, na ni haki yao. Ukuta haukutanuka. Ubao ni bapa, chaki ni rahisi, na mraba uliochorwa unaonekana na mtoto wa mwisho nyuma. Mchemraba wa mbao hauonekani, na zipo shule ambazo hata huo mmoja haupo. Watoto themanini kila mmoja na kopo lake si somo, ni bendi ya shaba.

Hata hivyo kisingizio cha umaskini nakikubali nusu tu. Jalala letu limejaa maumbo mango. Mtoto wa uswahilini anayeunda gari kwa boksi la maziwa na vifuniko vya soda keshachagua mchestatili kwa bodi na miche duara kwa magurudumu. Hajawahi kukosea akafunga magurudumu ya mraba. Anayefunga mpira wa makaratasi kwa kamba anahangaika na tufe mpaka lidunde sawasawa. Darasani anakaa kimya kwa sababu hakuna anayemuuliza kuhusu hivyo.

Pingamizi zito zaidi, kwangu mimi, linatoka kwa Plato. Yeye angesema: mnamfungia mtoto kwenye sabuni. Mwanajiometri anachora mraba ila anawaza ule usiochorwa, na asipouacha mkono hatafika. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Plato anamwonyesha Socrates akimhoji kijana mtumwa juu ya mraba wenye upande wa 2, eneo 4: upande uwe mrefu kiasi gani eneo liwe maradufu? Kijana anasema 4, anapata 16. Anasema 3, anapata 9. Anakwama. Socrates anaendelea kuuliza mpaka kijana anauona mshazari unaojenga mraba wa 8. Na humo ndani Socrates anasema kwamba kule kukwama kumemfaa kijana. Hakuna wino mwekundu. Ni darasa zuri, ingawa mwanafunzi hatajwi jina, na somo lilipokwisha alibaki mtumwa wa watu.

Plato ana haki yake. Mkono hautoshi. Lakini njia ya kutoka mkononi kwenda kwenye wazo ipo, tena ni ya bei ya unga. Mwaga unga kwenye sinia, usawazishe. Kamata kipande cha sabuni, gonga kitako chake kama mhuri, kisha kiondoe. Iliyobaki ni alama. Mwambie mtoto aiokote. Hawezi, itavurugika. Mwambie apime unene wa ile sura. Atakuambia kina cha shimo, naye yuko sawa. Basi mwambie agonge polepole, polepole zaidi, hadi shimo likaribie kutoweka na sura ibaki. Hapo keshaanza kuukaribia mraba. Kaupata kutoka kwenye mche, kama nyayo inavyopatikana kutoka kwenye mguu, na sabuni haijafukuzwa darasani.

Na sentensi ya ticha inabadilika kidogo tu. Badala ya kunyanyua kipande na kusema "hii ni pembetatu," anasema "uso huu una umbo la pembetatu." Haina gharama wala semina elekezi ya siku tatu hotelini. Mtoto atakayehesabu nyuso tano hatakuwa amempinga mtu. Sentensi ilishamwachia nafasi.

Linaloharibu mchezo wa mhuri ni tufe. Chungwa halina uso wa kugonga. Ukilibonyeza kwenye unga linaacha kidoa tu. Ukilimenya ganda likatoka zima, halikubali kulala bapa bila kuchanika. Carl Friedrich Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa tufe haulazwi bapa pasipo kupotoshwa, na ndiyo sababu kila ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, hata iwe nzuri vipi, imevuta au kubana nchi ya mtu. Duara la chungwa limo ndani, linasubiri kisu. Kata wima, kata kwa mlalo, kata mshazari, unapata duara, kubwa ukipita katikati, dogo ukipita kando. Watoto hawaamini mpaka waone mkato wenyewe, na kila mmoja anataka la kwake likatwe kwa upande anaoujua yeye. Tatizo la somo hili ni kwamba ukifika mkato wa tatu, vielelezo vyote vimeshaliwa.